Majani ya Kuziba Kengele

Firimbi ya jioni ilipopigwa, kila mtu kijijini alijua la kufanya. Mbuzi waliingizwa, moto wa nje ulifukiwa mchanga, watoto wakavutwa ndani kwa mkono au kwa kofi. Baada ya firimbi, yeyote aliyesogelea ua wa miiba alihesabiwa shifta, mwasi wa porini, na askari aliyekaa juu ya mnara wa magogo hakuwa na kazi ya kumuuliza jina.

Saynab alikuwa akitembea kuelekea kwenye ua huo.

Hakukimbia. Alikwenda kama msichana anayekwenda kuchota maji, shuka lake likiburuta vumbi jekundu, mikono mitupu. Arbia, mjane wa kibanda cha pili, alimwona akiwa anafunika chungu chake. Alikiacha chungu wazi.

"Simama!" askari alipaza sauti kutoka mnarani. "Wewe, simama!"

Saynab hakusimama. Arbia alimfikia, akamshika kiuno, wakaanguka wote wawili. Akalala juu yake na kuinua mkono mmoja hewani.

"Toto!" alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Iko toto tu, afande. Iko gonjwa."

Askari aliinama kuwatazama. Bunduki ilikuwa begani mwake, na yeye mwenyewe alikuwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka.

"Mgonjwa afungwe nyumbani," alisema mwishowe. "Kesho sitauliza."

Arbia alimrudisha Saynab kwa mama yake huku amemshika kifundo cha mkono kama mtu aliyekamata mbuzi wa jirani. Kaltun alikuwa mlangoni, amekwisha kuita mara nyingi bila kujibiwa.

"Chukua binti yako, abaayo, dada yangu," Arbia alisema. "Leo nimelala juu yake mimi. Kesho sijui kama nitakuwa karibu."

Guleid, mume wa Kaltun, aliinuka kutoka kwenye mkeka. "Alikuwa anakwenda wapi?"

"Hakuwa anakwenda popote, Guleid. Kule kuna ua na bunduki. Hakuna kingine kule."

Arbia alirudi kwake kwa kuinama, akipita kwenye vivuli vya vibanda.

*

Ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Serikali ilikuwa imeamuru wafugaji wote wa upande ule wa Garissa waingie katika vijiji vilivyozungushiwa ua, ili shifta wa porini wakose maziwa na mahali pa kujificha. Familia ya Guleid iliingia baada ya muda uliowekwa kupita. Njiani, wakitembea gizani na ngamia wao, walipigwa risasi. Rage, kaka mkubwa wa Saynab, alikufa palepale. Ngamia waliosalia walichukuliwa. Tangu siku ya maziko Saynab, msichana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa akiimbia hata ndama, hakutamka neno.

Mwanzoni haikumshangaza mtu. Kijiji kizima kilikuwa na msiba. Wanawake walisema, mwacheni, machozi ya wengine huingia ndani. Lakini wengine walianza kula, wakaanza kugombania zamu ya maji, hata kucheka mara mojamoja, na Saynab akazidi kurudi nyuma. Chakula kilipoa mbele yake. Mchana alilala amejikunja. Usiku alikaa macho. Alikuwa na tabia nyingine ambayo Kaltun hakumwambia mtu: alinyamazisha vitu. Alifunga kitambaa kwenye kifuniko cha birika kisigonge. Aliifunga kengele ndogo ya mbuzi wa Arbia kwa uzi. Asubuhi ile, baada ya tukio la ua, Kaltun aliamka akakuta bangili zake za fedha zimezungushiwa vipande vya kanga, moja moja, kwa uangalifu, kama vidole vilivyojeruhiwa.

Kaltun alidhani ni hofu ya kelele. Wengi pale walishtuka hata mlango ulipogongwa. Alizifungua bangili kimyakimya na kuvificha vile vitambaa chini ya mkeka kabla mumewe hajaviona.

Shurie, dada yake Guleid, alifika chai ikiwa bado motoni. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia.

"Ni jini," alisema akikaa. "Jini la porini. Tungekuwa huru tungempigia ngoma."

"Ngoma zimekatazwa," Guleid alisema.

"Najua zimekatazwa. Ndiyo maana nasema tungekuwa huru."

"Jini gani hili, eeddo, shangazi yao," Kaltun aliuliza, "linalongoja firimbi ya serikali ndipo litoke?"

Guleid alikohoa kuficha kicheko. Kilikuwa kidogo, na kilimwishia mdomoni mara moja, kwa sababu Saynab alikuwa amelala palepale nyuma ya pazia na hakujitikisa.

"Nataka nimpeleke hospitali," Kaltun alisema.

Shurie aliweka kikombe chini. "Hospitali ana kidonda gani? Ukimpeleka wataandika ni mwendawazimu, na wataondoka naye hadi Nairobi, kwenye zile nyumba za madirisha ya chuma. Halafu nani atamposa?"

"Wewe unamtafutia mume. Mimi namtafutia kesho tu."

"Na nani atasema naye huko?" Guleid aliingilia. Hili ndilo lililokuwa likimkaba tangu jana. "Madaktari si watu wa lugha yetu. Atakayetafsiri ni Alio. Alio ni mtoto wa watu wazuri, lakini asubuhi anatafsiri hospitali na jioni anatafsiri kwa polisi. Saynab akifungua mdomo akasema tulitembea gizani, kengele za ngamia zimezibwa, wataniuliza nilikuwa namficha nani. Watanichukua, Kaltun. Mtabaki na nani?"

Kaltun alijua mumewe hakuwa mwoga wa bure. Wanaume watatu wa mstari wao wa vibanda walikuwa wamechukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Kwa hiyo anyamaze," alisema polepole. "Anyamaze mpaka askari yule atimize aliyoahidi."

*

Maalim Sugow alikuja alasiri, kama alivyokuja siku nyingi, kumsomea Saynab. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani ambaye hakuwa tena na chuo, na kikohozi cha vumbi kilikuwa kimemdhoofisha. Alisoma, akapuliza kwenye maji, Saynab akanywa. Alipoyanywa macho yake yalitulia kidogo, kama kawaida, na kama kawaida utulivu ule haukufika jua kuzama.

Guleid alimsindikiza mlangoni. "Maalim, ongeza. Soma mara mbili kwa siku."

"Nitasoma. Sitaacha." Maalim alivaa kandambili zake bila haraka. "Guleid, mwaka jana ulivunjika mkono. Nilikusomea?"

"Ulinisomea."

"Na ukafungwa vijiti?"

"Nikafungwa."

"Ulikufuru kufungwa vijiti?"

Guleid alitazama chini.

"Dua naifanya mimi. Lakini kila ninapomaliza, mtoto huyu ananitazama kama mtu mwenye kitu mkononi asiyejua akiweke wapi. Hawezi kukiweka kwangu. Mimi ndiye niliyemzika kaka yake. Hawezi kukiweka kwenu. Tafuta mtu asiyelia msiba huu." Alikohoa. "Na utafute leo. Nimesikia habari ya jana."

*

Ofisi ya pasi ilikuwa kibanda cha mabati, na foleni yake ilianza kabla ya jua. Hakuna aliyetoka kijijini bila karatasi yenye muhuri. Guleid, aliyewahi kuwa na ngamia wasioonekana mwisho wao wanapokwenda kunywa, alichuchumaa na wengine ukutani, kwa sababu karani hakupenda watu wasimame juu yake.

"Sema," karani aliita zamu yake ilipofika.

"Naomba pasi ya hospitali, karani. Mtoto yangu iko gonjwa. Mama yake atapeleka."

"Anaumwa nini?"

Guleid alitafuta neno. Kwa lugha yake lilikuwa gumu. Kwa Kiswahili hakuwa nalo kabisa. "Hasemi," alisema.

"Hasemi?"

"Hasemi, halali, hakuli."

Karani aligeuka kwa mwenzake aliyekuwa akipiga mihuri. "Msichana asiyesema. Bwana huyu anaita ugonjwa. Mimi mke wangu akiugua hivyo siku moja, nachinja mbuzi."

Mwenzake alicheka. Wanaume wawili wa foleni wakacheka pia, kwa adabu, kwa sababu walihitaji pasi. Guleid naye alicheka. Alisikia kicheko chake kikitoka, chembamba, na akakiendeleza mpaka karani akaridhika na kuchukua muhuri.

"Siku moja. Watu wawili. Warudi kabla ya firimbi."

Alipoitoa ile karatasi nyumbani hakusimulia namna alivyoipata. Alimpa mkewe na kusema, "Alio akiwepo, msiseme."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

"Nendeni tu," Guleid alisema. "Mungu atajua."

*

Hospitalini walingoja kwenye benchi mpaka kivuli kikahama kutoka miguuni mwao. Tabibu aliyemwona Saynab alikuwa na haraka. Nyuma yao kulikuwa na majeruhi wawili. Alivuta kope za macho, akapima joto, akaandika vidonge vya damu. Alio, mtafsiri, alisimama kando na shati lake safi.

"Anauliza, ameanza lini?" Alio alimtafsiria Kaltun kwa Kisomali. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akaongeza la kwake. "Nyinyi mliingia lini kijijini, mama? Mlichelewa, sivyo?"

"Sikumbuki," Kaltun alisema.

Juu ya meza kulikuwa na kengele ya shaba ya kuitia wagonjwa. Dresa, mfunga vidonda wa pale, aliichukua, akaipiga kumwita anayefuata, akaiweka. Saynab aliinuka. Kabla ya mtu kuelewa, alikuwa ameishika ile kengele, ameipindua, na alikuwa akiisokomeza kwa ncha ya shuka lake, akishindilia kwa kidole gumba mpaka ndani kabisa.

"Hebu weka hiyo," dresa alisema.

"Mwache." Aliyesema alikuwa muuguzi mkubwa wa wodi, Sista Komora, Mpokomo wa chini mtoni aliyekuwa amepita mlangoni na sinia ya sindano. Aliwahi kufanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa akili Nairobi, na macho yake yalikuwa yametua kwenye kile kidole gumba. Mtu mwenye kuvuruga vitu hashindilii hivyo. Huyu alikuwa akifanya kazi anayoijua.

Alimwomba tabibu amwachie mgonjwa. Tabibu alishukuru. Sista akamtuma Alio stoo akahesabu mablanketi.

"Bila mimi utasema naye vipi, Sista?" Alio aliuliza.

"Tutanyamaza pamoja. Nenda."

Aliwakalisha mama na binti kwenye chumba kidogo cha kubadilishia nguo, na Kaltun akamwonyesha kwa mikono ua, bunduki, na msichana anayeuendea. Sista akaketi sakafuni, hatua chache kutoka kwa Saynab, akaanza kukunja bandeji zilizofuliwa. Hakuuliza kitu. Kaltun alitazama mlango, akatazama jua dirishani, akakumbuka firimbi. Muda ulikuwa ukiondoka, na mwanamke huyu alikuwa akikunja vitambaa.

Baada ya muda Sista alisukuma rundo la bandeji kwa Saynab. Saynab akachukua moja. Akaanza kukunja.

"Umekunja vizuri," Sista alisema kwa Kiswahili. "Ulisoma?"

Kichwa kiliitikia kidogo. Saynab aliwahi kukaa kwa mjomba wake mjini akasoma madarasa mawili, kabla vita havijachacha.

"Ile kengele. Umeiziba kama mtu aliyefundishwa."

Mikono ya Saynab ilisimama. Kisha Kaltun akasikia sauti ya binti yake. Ilikuwa imekwaruza, kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu, na haikuwa ikisema Kisomali.

"Mimi nasahau," Saynab alisema.

"Umesahau nini?"

"Majani." Alimeza mate. "Ngamia ya mbele, kengele ni kazi yangu. Ngamia nyingine, watu wengine. Naweka majani ndani, kengele hapana lia. Njiani majani inaanguka. Mimi nasikia. Nasema, nitaweka tena pale kwa mti. Mti iko karibu." Aliitazama bandeji iliyokuwa mkononi. "Askari nasikia kabla ya mti. Rage nakufa. Ni mimi."

Lugha ya mama yake ilikuwa imejaa Rage. Kila neno lake lilikuwa limepita mdomoni mwa kaka huyo. Kiswahili kilikuwa cha ubao na chaki, hakikumjua Rage. Pengine ndiyo maana kiliweza kubeba.

"Ndiyo maana unakwenda kwenye ua?" Sista aliuliza kwa sauti ileile ya kukunja bandeji. "Unataka wakupige risasi na wewe?"

"Ndiyo."

Sista Komora aliutazama mlango. Alikuwa mtumishi wa serikali, na kuta zile zilikuwa za mbao.

"Sikuwepo, mwanangu," alisema. "Siwezi kukuambia kengele haikusikika. Ningekuambia hivyo ungejua nadanganya, na usingerudi kwangu tena. Lakini bunduki ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Hilo najua. Hilo la kengele utalirudia hapa, nami nitalisikia, kila wiki, mpaka lipungue uzito. Haliishi kwa siku moja."

Saynab alianza kulia kwa sauti. Kaltun alitaka kuruka. Sista alimzuia kwa kiganja, kisha akakiondoa, na mama akamkumbatia binti yake.

Kiswahili cha Kaltun kilikuwa cha bei ya sukari na kitambaa. Katika yote yaliyosemwa alikuwa ameshika maneno matatu: kengele, majani, na jina la mwanawe. Yalimtosha. Vitambaa vilivyokuwa chini ya mkeka vikamjia mbele ya macho.

Sista alimweleza kwa maneno machache na kwa mikono. Asiachwe peke yake firimbi inapolia. Asiambiwe asahau. Asiitwe mwendawazimu, hata kwa utani. Maalim aendelee. Akijaribu tena ua, aletwe siku hiyohiyo, pasi au bila pasi. Na kila wiki, hapa, wawili tu.

"Alio?" Kaltun aliuliza.

"Alio atahesabu mablanketi," Sista alisema. "Yako mengi."

*

Kaltun alimweleza mumewe nyuma ya kibanda, kwa kunong'ona. Guleid aliuliza kwanza alichokuwa akikiogopa.

"Alio alisikia?"

"Hakusikia."

Ndipo akauliza la pili, na Kaltun akamwambia habari ya majani. Guleid alikaa chini mchangani. Alichukua kijiti, akakivunja, akavivunja vipande.

Firimbi ilipolia, Saynab aliinuka kama jioni ile ya ua. Guleid alikuwa amekaa mlangoni. Hakumzuia kwa mkono.

"Kaa, aabo," alisema.

Katika lugha yao aabo ni baba, na baba humwita mtoto kwa neno hilohilo analoitwa yeye. Guleid hakuwa amemwita hivyo tangu maziko. Saynab alikaa.

"Msafara hauondoki," Guleid alianza, akasimama, akaanza tena. "Msafara hauondoki mpaka mwenye ngamia apite mwisho, atikise kila kengele kwa mkono wake. Mtoto anaziba, baba anakagua. Nani hajui? Majani yakianguka njiani, hayakushindiliwa, na mwenye kuona hayakushindiliwa ni baba. Usiku ule nilitikisa zote. Ya mbele sikuitikisa. Nilikuwa na haraka." Nje askari alikohoa mnarani. "Nilikuona umenyamaza nikashukuru, kwa sababu usiposema wewe, nami nisingesema."

Saynab alikaa palepale, goti lake likigusa la baba yake, mpaka giza likaingia na ua usionekane tena. Usiku ule hakulala. Asubuhi bangili za Kaltun zilikuwa zimefungwa tena kwa vitambaa, zote isipokuwa moja.

*

Wiki iliyofuata Kaltun na Saynab walikwenda na Guleid kwenye foleni. Walichuchumaa watatu ukutani. Kaltun alimwona mumewe akilainisha uso, akitayarisha kile kicheko ambacho hakuwahi kumsimulia.

"Nyinyi tena," karani alisema. "Pasi si peremende. Wiki jana mlipewa. Mgonjwa amepona au hajapona?"

"Bado, karani," Guleid alisema.

"Na wote watatu mnaonekana wazima. Mmoja akae kando niandike. Mgonjwa ni nani?"

Guleid alifungua mdomo. Nyuma yake msichana alikwishasimama, akakung'uta vumbi kwenye shuka lake na kusogea mezani.

"Ni mimi," Saynab alisema.